Maswali Yenu, Majibu Yetu: Yule Bwana wa Barakoa na Pete ya Fuvu

Toleo lililopita tuliwaomba mtuandikie kuhusu vitabu vya katuni mlivyosoma mkiwa wadogo. Barua za Kanda ya Ziwa zimemtaja zaidi mtu mmoja: Phantom, bwana wa nguo za kubana, barakoa nyeusi, bastola mbili kiunoni na pete inayoacha chapa ya fuvu kwenye taya la jambazi. Basi safari hii ukurasa wote tumempa yeye. Maswali tumeyafupisha, na majina tumeyaondoa.

Salaam, wahariri. Ujana wetu hapa Nansio kitabu kimoja cha Phantom kilisomwa na mtaa mzima mpaka jalada likatoka. Ubishi wetu haujaisha hadi leo: yule bwana alikuwa hafi kweli, au ni mzimu? – Mzee wa Nansio, Ukerewe

Shikamoo, mzee wetu. Hakuwa mzimu, na kufa anakufa kama watu wengine. Ujanja wake ni kwamba Phantom ni kazi ya ukoo. Hadithi inaanza mwaka 1536. Maharamia wa kundi la Singh wanavamia meli ya Waingereza karibu na pwani ya Bengalla, nchi ya kubuniwa, wanamuua nahodha, na anayeokoka ni mwanawe peke yake, Christopher Walker. Mbilikimo wa msituni waitwao Bandar wanamwokota ufukweni na kumuuguza. Baadaye bahari inatupa maiti kwenye ufuko uleule, imevaa nguo za baba yake, naye anajua huyo ndiye muuaji. Anashika fuvu la haramia yule na kuapa: yeye, wanawe na wana wa wanawe watapambana na uharamia, uroho, ukatili na dhuluma.

Tangu hapo baba akianguka, mwana anavaa nguo zilezile kabla habari haijatoka msituni. Jambazi aliyeshuhudia Phantom akichomwa kisu anakutana naye tena mzima, hana hata kovu, na mbio zake haziishi mpaka bandarini. Ndiyo sababu wenyeji wa hadithi wanamwita Mzimu Utembeao. Yule mliyemsoma ninyi, mwenye farasi mweupe Hero na mbwa mwitu Devil, ni wa 21. Piga hesabu: kuanzia 1536 hadi 1936, mwaka hadithi ilipoanza kuchapwa, ni miaka 400. Igawe kwa watangulizi 20, kila mmoja anapata wastani wa miaka 20 kazini. Kazi ya kufyatuliwa risasi kila wiki haina pensheni.

Siri inalindwa kwa mambo matatu. La kwanza, Bandar wanajua na hawasemi. Mkuu wao, Guran, ni rafiki yake wa utotoni. La pili, ndani ya Pango la Fuvu, makao yake, kuna makaburi ya waliotangulia na safu ya vitabu vikubwa vya kumbukumbu ambamo kila Phantom anaandika aliyoyafanya, ili mrithi asianzie sifuri. La tatu, hakuna mgeni anayeuona uso wake. Msemo wa msituni unasema atakayeuona atakufa kifo kibaya, kwa hiyo akivua barakoa mchoraji anamgeuza mgongo au anamtia kivulini. Akienda mjini anavaa koti refu, kofia na miwani nyeusi, na anajiita Walker.

Kuhusu pete, wengi mnazichanganya. Ziko mbili. Ya fuvu iko mkono wa kulia, ya kupigia ngumi. Ya mkono wa kushoto ina alama ya mapanga yaliyopishana, na mtu aliyegongwa alama hiyo yuko chini ya ulinzi wake. Mkiona mchoro ambao fuvu liko kushoto, huenda ni picha iliyogeuzwa kiwandani.

Mtunzi wake ni Mmarekani Lee Falk, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemtunga Mandrake, mwanamazingaombwe. Phantom alitoka gazetini mara ya kwanza tarehe 17 Februari 1936, akichorwa na Ray Moore na kusambazwa na kampuni ya King Features. Superman alikuja 1938, Batman 1939. Kwa hiyo zile nguo za kubana na yale macho meupe yasiyo na mboni, Phantom aliwatangulia wote wawili. Falk alieleza kwamba macho hayo aliyatoa kwenye sanamu za kale za Wagiriki. Na hapo mwanzo kabisa alikusudia mtu wa barakoa awe tajiri mmoja kijana wa mjini, Jimmy Wells. Alibadili mawazo hadithi ya kwanza ikiwa tayari inaendelea gazetini.

Kaka yangu anasema Phantom na Spear ni mtu mmoja. Mimi nakataa. – Kirumba, Mwanza

Umeshinda. Spear, yaani Lance Spearman, alikuwa mpelelezi katika jarida la *African Film*, na hadithi zake zilipigwa picha kwa kamera, na waigizaji Waafrika wenye miili na sura zao, halafu maneno yakabandikwa juu. Alivaa kofia na tai ya kipepeo, akavuta sigara kubwa, akaendesha gari la michezo. Barakoa hakuwa nayo, na uso wake ulijulikana kwa kila mtu, wakiwemo majambazi. Pengine kaka yako anawakumbuka pamoja kwa sababu aliwasoma wakati mmoja.

Shikamooni. Ile nchi ya Phantom ipo Afrika au Asia? Mbona msituni kuna chui milia, na sisi hatuna? – Mwanafunzi, Nyegezi

Marahaba. Umeona kosa ambalo wakubwa wengi wanalipita tu. Katika hadithi za mwanzo, Bengalla ilikuwa upande wa Asia, ndiyo maana kuna maharamia wenye jina la Kihindi na chui milia porini. Kadiri miaka ilivyokwenda Falk aliihamishia Afrika, na kufikia miaka ya 1960 ikawa nchi huru ya Kiafrika, ikiandikwa Bangalla, makao makuu Mawitaan, rais wake Dakta Lamanda Luaga. Wanyama wa Asia hawakurudishwa kwao. Falk aliwapa pa kukaa: kisiwa cha Eden, ambako simba, chui milia na swala wanaishi pamoja kwa amani kwa sababu wanyama wakali wamefundishwa kula samaki tangu wadogo. Kwa mtu wa Mwanza wazo la simba anayeishi kisiwani si geni sana, maana Saanane ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa bustani ya wanyama kabla ya kuwa hifadhi ya taifa. Ila simba wa kushindia sato huyo ni wa katuni tu.

Kuna jambo usiloliuliza lakini ni vema ulijue unaposoma. Mzungu anayekaa kwenye kiti cha fuvu katikati ya msitu wa Afrika, Waafrika wakimngoja awaokoe, ni picha ya enzi za ukoloni, na kumleta Rais Luaga hakukuifuta yote. Luaga ni msomi, ana jeshi na mahakama, lakini mambo yakiharibika bado ngoma inapigwa kumwita mtu wa pangoni. Hadithi nzuri zaidi, kwa maoni yetu, ni zile ambazo Luaga au Kanali Worubu wa Doria ya Msituni wanamaliza kazi wenyewe na Phantom anafungua mlango tu. Zipo, ila ni chache.

Namsomea mwanangu vitabu vya marehemu babu yake. Mbona kila baada ya visanduku vitatu maneno yanarudiwa kama vile msomaji ni msahaulifu? – Mama wa Mabatini

Kwa sababu kweli walimchukulia kuwa amesahau. Hadithi hizo hazikuandikwa kuwa kitabu. Zilitoka gazetini Jumatatu hadi Jumamosi, kila siku mstari mmoja wa visanduku vichache, na hadithi moja ikaenda kwa miezi. Kisanduku cha kwanza cha leo kinamkumbusha msomaji ya jana, cha mwisho kinamwacha ananing'inia. Jumapili kulikuwa na ukurasa mzima wa rangi wenye hadithi tofauti kabisa, ulioanza tarehe 28 Mei 1939.

Wachapaji wa vitabu walikata mistari hiyo na kuipanga upya ili ijae ukurasa. Ukikuta mkono umekatwa ghafla pembeni, au anga limeongezwa juu ya kichwa kwa mistari isiyofanana na mingine, hiyo ni kazi ya mkasi wa mchapaji. Ukimsomea mtoto kwa sauti, ruka kisanduku cha marudio. Hadithi haipotezi kitu, na inakimbia vizuri zaidi.

Hapa kijiweni kuna wanaosema nguo zake ni zambarau, wengine bluu, na mmoja anaapa aliwahi kuona nyekundu. Soda za watu ziko rehani. – Mwaloni, Kirumba

Kila mtu anywe soda yake, wote mko sahihi. Falk aliwaza kijivu, rangi ya kumficha mtu kwenye vivuli vya msitu, na gazeti la kila siku lilikuwa jeusi na jeupe kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Ukurasa wa rangi wa Jumapili ulipoanza 1939, ulitoka kiwandani na zambarau, na zambarau ikabaki Marekani na Australia. Nchi za Skandinavia zilimpaka bluu. Italia, Uturuki na Brazil zilimpaka nyekundu. Kilichobaki vilevile kote ni kaptura ya juu yenye mistari ya mshazari, barakoa nyeusi na mkanda wa fuvu.

Nina vitabu vitano vya Phantom, vingine havina jalada. Nitajuaje vimetoka wapi na ni vya miaka gani? – Igoma, Mwanza

Anza na karatasi na wino, kabla hujasoma neno. Ndani nyeusi na nyeupe, karatasi ya gazeti, jalada peke yake la rangi: kuna uwezekano mkubwa ni Frew ya Australia, inayomchapa Phantom tangu 1948. Namba ya toleo iko kwenye jalada, kwa hiyo kisicho na jalada kitakusumbua.

Ndani rangi tupu, na nchi inaitwa Denkali: hicho ni Indrajal cha India. Mfululizo huo ulianza Machi 1964 na kufungwa 1990. Wahariri wake walibadili Bengalla kuwa Denkali ili wasomaji wao wasione nchi yao inasemwa, na walikata visanduku ili hadithi iingie kwenye kurasa walizokuwa nazo. Ukiona tukio limeruka ghafla, jambazi yuko mtoni na ukigeuza ukurasa amefungwa kamba, usidhani karatasi imechanika. Hesabu kurasa kwanza.

Ndani rangi, na Kiingereza cha Kimarekani: tazama jina la mchapaji. Gold Key walitoa namba 1 hadi 17 kati ya 1962 na 1966, King wakaendelea na 18 hadi 28 mpaka 1967, Charlton wakachukua 30 hadi 74 kuanzia 1969 hadi 1977. Usihangaike kutafuta namba 29, haikuchapwa Marekani.

Kama hakuna maandishi yoyote ya kukusaidia, mtazame mchoraji. Ray Moore, aliyechora miaka ya mwanzo, anapenda giza: nusu ya uso iko kwenye wino, mistari ya brashi ni laini kama manyoya, na Phantom wake ni mwembamba. Wilson McCoy, kuanzia miaka ya 1940 hadi alipofariki 1961, anachora kwa mstari mnene usiobadilika, watu wamesimama wima kama wanapigwa picha ya pasipoti, nyuma yao patupu. Sy Barry, 1961 hadi 1994, ndiye wa wengi wenu: misuli imechambuliwa, kuna ndege, majengo ya ghorofa, ofisi za serikali, na sura za Waafrika zinazotofautiana mtu na mtu. Ukimkuta Diana Palmer, mpenzi wa Phantom, ameshakuwa mke, hadithi ni ya baada ya harusi ya mwaka 1977. Ukikuta watoto wao mapacha, Kit na Heloise, ni ya 1979 au baadaye.

Angalizo moja: mwaka wa hadithi si mwaka wa kitabu. Frew na Indrajal walichapa upya hadithi za zamani mara nyingi, kwa hiyo McCoy anaweza kuwa ndani ya kitabu cha miaka ya 1970.

Tranka la marehemu baba lina katuni karibu mia. Zina harufu ya ukungu, pini zina kutu, na nyingine zimebandikwa selotepu iliyogeuka kahawia. Nifanyeje? – Pasiansi, Mwanza

Usianike juani. Hilo ni la kwanza kwa sababu ndilo watu wanalolifanya. Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa ubao uliosagwa bila kuondolewa vitu vinavyoigeuza kuwa njano na kuikausha. Jua linaiharakisha kazi hiyo. Siku chache za jua kali zinatosha kuigeuza njano.

Zitoe nje ya tranka, uzipange kivulini ndani ya chumba chenye upepo, zimefunguliwa kidogo na kusimama. Siku mbili au tatu za kiangazi, Julai kwa mfano, zinatosha kuondoa unyevu. Ukungu mkavu ufute kwa brashi laini ya kupakia rangi, nje ya nyumba, umeziba pua na mdomo. Ukungu ambao bado una majimaji usiuguse, utaupaka tu. Ukausheni kwanza.

Kisha wadudu. Mende na yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha anayekimbia ukifungua kitabu wanakula gundi na wanga wa karatasi, na mayai yao yako kwenye mikunjo ya katikati. Dawa ya kupuliza inaacha madoa, na nafthalini inaacha harufu isiyotoka na inaweza kulainisha plastiki. Tumia friza. Tia vitabu kumi kumi kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, halafu utie kwenye mfuko wa pili. Kwa friza nyingi za huku mfuko wa pili ni wa lazima, kwa sababu ya sangara. Viache kwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, wiki mbili kamili. Ukivitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema, hewa yenye unyevu ya mwambao wa ziwa inagusa karatasi baridi na unyevu wake kuwa maji, na umerudi ulikoanza. Umeme ukikatika muda mrefu mpaka friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya.

Pini zenye kutu toa. Fungua kitabu katikati, nyanyua miguu miwili ya pini kwa kisu chembamba kisicho na makali, ichomoe kutoka nyuma. Usiivute kwa nguvu kutoka upande wa jalada, itatoka na karatasi. Mahali pake shona kwa uzi mweupe wa pamba kupitia matundu yaleyale, fundo libaki ndani. Pini mpya za kawaida zitashika kutu tena masika ijayo.

Selotepu iliyokauka na kujitenga yenyewe, iondoe taratibu. Iliyoshika, iache, ukiivuta inaondoka na uso wa Phantom. Mpasuko mpya uzibe kwa uji wa wanga wa ngano. Kanda unga wa ngano uwe donge, ulioshe ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe kama maziwa, yaache yatulie usiku kucha, mwaga maji ya juu. Kinachobaki chini ndicho wanga, ukaushe. Kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko vitano vya maji, moto mdogo, koroga dakika 20 hivi mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Upoze, uchuje kwa kitambaa, uongeze maji kidogo mpaka uwe laini kama krimu. Paka kidogo sana kwenye ukanda wa karatasi nyembamba nyeupe isiyong'aa uliouchana kwa mkono (ukiukata kwa mkasi kingo zinaacha mstari), bandika upande wa nyuma wa mpasuko, lalia karatasi safi kisha kitabu kizito hadi kesho yake. Kabla ya hapo gusa rangi kwenye kona kwa pamba yenye maji. Ikiachia, usitumie uji, iache ilivyo. Uji huu haukai zaidi ya siku mbili nje ya friji. Unga wa udaga (muhogo uliochachushwa) usiutumie, una chachu na makapi.

Mwisho makazi. Tranka la bati linavuja hewa, nalo usiku wa baridi linatoa jasho ndani. Bora ndoo ya plastiki ya pembe nne yenye mfuniko wa mpira, namba 5, alama ya aina ya plastiki, imegongwa chini. Ya lita 20 weka gramu 400 za chembe za silika, zile za kunyonya unyevu, kwenye kifuko cha pamba. Zikibadilika rangi, zikaushe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka rangi irudi. Moto mkali unazipasua. Kila kitabu kiwe na mfuko wake wa plastiki safi, si ile laini yenye harufu kama ya pazia la bafuni, maana hiyo inatoa kemikali. Ndoo iwe juu ya matofali, mbali na ukuta wa nje, na uifungue kila baada ya miezi mitatu ili hewa yenye tindikali itoke. Kupiga lamineshi? Hapana. Joto na gundi yake havirudi nyuma.

Je, mwanamke amewahi kuvaa ile barakoa? – Mwanafunzi wa kike, Musoma

Ndiyo. Julie, dada pacha wa Phantom wa 17, alivaa nguo na kufanya kazi kaka yake alipokuwa hoi. Falk aliiandika hadithi hiyo miaka ya 1950.

Mimi fundi cherehani. Nina oda ya nguo za Phantom za mtoto wa miaka 10, maonyesho ya shule wiki ijayo. Nipeni vipimo. – Mlango Mmoja, Mwanza

Kwa mtoto wa sentimita 135 hadi 140, nunua mita mbili za kitambaa cha kuvutika cha zambarau, upana sentimita 150, na nusu mita nyeusi ya aina ileile. Uvutaji mkubwa uzunguke mwili, usiende juu na chini. Ukikosea hapo suruali itapanda magotini mtoto akikaa. Tumia sindano ya jezi yenye ncha butu na mshono wa zigizaga. Sindano ya kawaida inaruka, na mshono ulionyooka unakatika mtoto akirusha teke la kwanza.

Kofia na shati ni kitu kimoja. Kichwa cha umri huo ni kama sentimita 53. Kata kofia iwe na mzunguko wa 48, vipande viwili, mshono kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Inafunika masikio na kupita chini ya kidevu, uso unabaki wazi. Weka zipu ya sentimita 20 nyuma ya shingo, la sivyo kichwa hakipiti.

Barakoa: felti nyeusi, upana 18, kimo 7. Matundu ya macho 4.5 kwa 2, vitovu vyake vikiachana 5.5 (mpime mtoto mwenyewe, wapo wa 5 na wapo wa 6). Chini katikati kata nafasi ya pua, upana 3, kina 2. Ishone kwenye kofia pembeni mwa macho. Lastiki ya nyuma inaharibu sura yote. Kwa macho meupe, shona nyuma ya matundu tabaka mbili za chandarua cheupe. Kwa nje linaonekana jeupe, ndani mtoto anaona. Ukumbi ukiwa na taa hafifu, toa tabaka moja, maana atajikwaa. Usitumie gundi karibu na macho.

Mistari ya kaptura ndiyo inayowashinda wengi. Utepe wa kawaida hauvutiki, utapasuka. Kata vipande vya kitambaa kilekile cheusi, upana sentimita 3, vibandike kwa mshazari wa nyuzi 45, uvishone kaptura ikiwa bado haijaunganishwa. Mistari ya kushoto na kulia ikutane katikati kama mshale. Mifuko ya bastola ijazwe matambara. Shule nyingi hazitaki bastola za bandia jukwaani.

Nataka kupiga picha kurasa zote kwa simu niwatumie wenzangu wa zamani kwenye grupu, na pengine niuze nakala. – Bukoba

Kupiga picha, nenda kwenye dirisha lenye mwanga usio wa jua moja kwa moja, mwanga utoke pembeni, flashi imezimwa. Nyuma ya kila ukurasa ingiza karatasi nyeusi. Bila hiyo, wino wa upande wa pili unapenya na kila kisanduku kinakuwa na vivuli viwili. Simu iwe sambamba na ukurasa. Ikiinama kidogo visanduku vinakuwa na umbo la trapeza. Usikibonyeze kitabu kilale kabisa, kifungue nusu na ukiegemeze kwenye kitabu kingine. Kama una skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kusoma, 600 kwa zile za nyeusi na nyeupe, ili mistari ya Moore isigandane. Kwenye grupu tuma kama faili, si kama picha, maana programu inazibana.

Kuuza usifanye. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Falk alifariki Machi 1999, na hadithi mpya za Phantom bado zinatoka magazetini hadi leo, kwa hiyo wenyewe wapo. Kitabu chenyewe ulichonunua unaruhusiwa kukiuza; kipige picha jalada, ukurasa wa kati wenye pini na kasoro zote kabla ya kupanga bei, mnunuzi ataviuliza hivyo kwanza.